Cheti cha Gitaa la Marehemu Ngwali

Nilianza na harufu, maana pua haidanganyiki upesi.
Sanduku lilifunguka likatema karafuu, kutu,
na mafuta ya nazi ya nywele za mtu aliyekwisha kufa.
Bi Time akalisukuma kwangu juu ya meza ya redio mbovu,
hapa Wete, Jadida, mlango unaotazama ukuta.
Anverali amekaa upande, jicho kwenye saa:
boti yake ya Unguja inaondoka kesho alfajiri,
na tajiri wake wa ng'ambo anataka neno moja tu, asili.

Sijawahi kupiga gitaa. Najua kufungua.
Nimekulia kwenye majamvi ya karafuu,
najua kutia mkono hadi kitako cha gunia
nikaibuka na makonyo.
Mwenye kughushi huweka nzuri juu.
Basi nikaligeuza gitaa, nikaanzia mgongoni.

Vanishi imepasuka nyufa nyembamba
kama bonde la mpunga mvua zikichelewa.
Nyufa za uongo hukatwa kwa wembe, hufuatana kama askari;
hizi zinapotea, zinarudi, hazina adabu.
Anverali akawasha tochi yake ya mwanga wa zambarau:
rangi ya kale ikang'aa kijani cha ndimu.
Rangi mpya hubaki kiza.
Shingo nikaichomoa. Kisiginoni pana penseli,
mwezi wa tatu, sitini na tatu, na herufi mbili za mtu
aliyechoka, nadhani, maana ya pili inateleza.
Chini ya vitufe vya sauti, namba zilizogongwa kwenye bati:
za mwanzo ni kiwanda, za mwisho mwaka na wiki.
Wiki ya nane. Zinakubaliana na penseli.
Anverali akaacha kutazama saa.

Hapo ndipo nilipoiona lehemu.

Lehemu ya kiwandani hulala bapa, haina la kusema.
Hii imekaa kama tone, na waya umezungushwa mara mbili
kuelekea kushoto, ukafungwa uzi mweupe uliopitishwa kwenye nta.
Tochi ya nini? Mtu mmoja tu kisiwani alifunga hivyo,
alikuwa shoto, na alinifundisha nimekaa pajani pake.
Koili ya pili ameisuka upya kwa waya wa transfoma ya redio.
Bi Time anakumbuka: harusi ya Mchangamdogo,
gitaa lilinyamaza katikati, Ngwali akalia mbele za watu,
Kombo akakesha nalo, asubuhi likasema.

"Hilo," Anverali akasema polepole, "si lazima liandikwe."
Akataja bei yenye koili ya kiwanda.
Akataja bei yenye koili ya baba.
Baina ya bei hizo mbili pana paa zima la Bi Time,
mabati, kenchi, na ujira wa seremala.

Nikamwambia ngoja, kuna kibao cha mbele.
Cheusi, chepesi mno. Nikakwangua ukingo kwa ukucha:
rangi ya mlango. Chini yake, filamu ya eksirei.
Nikainyanyua mbele ya taa. Mkono wa mtoto,
kifundo kimevunjika, na pembeni,
kwa mwandiko wa hospitali, jina langu.

Nilianguka mkarafuuni nina miaka minane.
Baba aliniambia picha ile imeliwa na panya.

Nikaweka kiganja juu yake. Kimekua.
Mfupa umepinda pale pale.

Bi Time ndiye aliyevunja kimya.
"Andika," akasema. "Marehemu alichukia kusifiwa kwa asichokifanya.
Na paa nimeshalizoea linavyovuja,
kila ndoo naijua pa kuikalisha."

Nikaandika: Mwili, shingo, vitufe: vya asili.
Koili ya pili: Kombo Faki, Wete.
Kibao: mimi.

Anverali alikisoma mara tatu, akakikunja,
hakusema atanunua, hakusema hanunui.
Nikarudisha kila kitu mahali pake.
Parafujo moja ikabaki mezani.
Mpaka leo sijui ni ya wapi.