Ya Kushoto Unapoingia

Vyeti vyangu viko ndani ya bahasha ya plastiki,
ile ambayo baba alitunzia risiti za viazi,
na kila siku saa moja asubuhi natembea gati la Palma
kutoka yoti ya kwanza hadi ya mwisho, viatu mkononi.
Mtaka cha mvunguni huinama;
mtaka kazi ya sitaha huvua viatu,
kisha hujifunza kutabasamu kwa watu wasioinua macho.

"Una uzoefu?"
Nina siku tano za darasa.

Siku ya bwawa walizima taa,
wakatumwagia maji kwa mpira wa zimamoto, eti mvua.
Chelezo kilikuwa kimepinduka, tumbo juu kama kasa,
na Bwana Rosselló, serahangi mstaafu mwenye goti la chuma,
alipiga kelele kutoka ukingoni:
"Panda! Shika ukanda! Jitupe nyuma!"
Mimi wa Sa Pobla, mtoto wa mashamba,
niliyezaliwa kisiwani nisijue kina,
nilijitupa nyuma. Kikanifunika.
Chini yake giza lilinuka raba,
hewa ilikuwa ya kukopa,
na sauti yangu ilikuwa inahesabu.

Siku ya moto tulitambaa ndani ya kontena la moshi
tukipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono,
maana kiganja kikigusa waya wa umeme
hukumbatia.

Lakini kabla ya yote hayo kuna daktari.
Tulikwenda wawili, mimi na kaka yangu Llorenç.
Yeye ndiye aliyeitaka bahari; mimi nilimsindikiza.
Daktari alifungua kitabu cha madoa.
"Nambari gani hii?"
Mimi niliona sabini na nne.
Llorenç aliona madoa.
Ukurasa mwingine. Madoa.
Daktari aliandika mstari mmoja, polepole,
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto:
asishike zamu ya usiku.
Na nahodha gani ataajiri baharia wa mchana tu?

Akarudi hotelini kuosha masufuria.
Pesa yake ya kozi alinipa mimi.
Niliikataa siku tatu.
"Chukua, Margalida," akasema. "Pesa haijui rangi."

Jioni alinifunga macho kwa kitambaa cha jikoni,
akanipa kamba na mguu wa kiti:
"Usiku. Mvua. Mkono mmoja."
Nikafunga. Likafunguka.
Nikafunga.

Leo nimepata. Siku moja tu, malipo mkononi.
Nimeosha dafrao kumi na mbili,
nimesugua mbao za msaji kwa kukatisha nyuzi zake, kamwe si kuzifuata,
nimefuta chumvi kwenye vyuma, omo hadi tezi,
nikarudi kufuta alama za vidole, nazo vidole ni vyangu.
"Mwenyewe anakuja lini?" nilimuuliza Nieves, mkubwa wa zamu.
"Hajaja tangu Septemba," akasema. "Hapo umeacha doa."

Llorenç alinisubiri mwisho wa ukuta wa bandari
na mkate uliopakwa soseji laini ya kwetu,
nyekundu, ambayo yeye huiita kahawia.
Taa za mlango wa bandari zilianza kupepesa.
"Ile pale," akasema, "ya kushoto unapoingia, ndiyo nyekundu."
"Umejuaje?"
"Nimekariri mahali pake.
Na jinsi inavyopumua. Mwenzake hupumua vingine."
Akatafuna kidogo.
"Unapotoka huwa ya kulia. Usisahau,
maana wewe ndiye utakayetoka."

Mikono yangu ilinuka siki.
Akauliza kama wameniita tena kesho.
Nikasema bado.