Shimo la Shubiri Moja

Mbegu zake za mtama zilibaki uwanja wa ndege,
fundo la leso, gramu mia na kitu;
afisa akaandika risiti, akazitia kwenye pipa la bluu.
Rasmata Ilboudo akafika Kabete mikono mitupu,
na ni mikono hiyo tuliyokuwa tumeialika.

Mkalimani aliyelipwa hakutokea.
Nikasukumwa mbele mimi, kwa kosa la kusema
niliwahi kusoma Kifaransa, kidato cha pili,
kabla mwalimu hajahama akaniachia
salamu na siku za wiki.
Rasmata akatoa sentensi ndefu kama tuta la viazi,
nami nikatafsiri: "Anasema... Jumanne."
Wakulima wakacheka. Akacheka na yeye,
akavua viatu, akaomba jembe.

Kwao, alituonyesha, ardhi huota gamba.
Mvua hubisha isifunguliwe,
ikateleza ikaenda zake.
Basi unachimba mapema, jua likiwa bado na kiburi:
upana shubiri moja,
kina mpaka kifundo cha mkono,
konzi mbili za samadi,
na mchwa uwaachie zamu yao.
Ni mlango tu, alisema kwa vidole,
akaubisha udongo, akautegea sikio.

"Shubiri ya nani?"
Huyo ni Nyaguthii wa Waithaka,
ambaye hajanunua nyanya hata moja bila kesi.
Wakapimana, kiganja juu ya kiganja,
sugu juu ya sugu.
Tofauti ikawa ukucha mmoja.
Hapo sikuitwa kutafsiri.

Nyaguthii akachimba thelathini na sita
nyuma ya nyumba, kati ya choo na ua wa jirani,
akapanda maharagwe.
Aprili ikaja, na Aprili ya Nairobi
haijui hodi.
Mashimo yakawa vikombe thelathini na sita vya uji mwekundu,
maharagwe yakaoza, vyura wakahamia na jamaa zao,
jirani akachungulia juu ya ua
kuuliza samaki watavuliwa lini.

"Mwandikie," akaniambia, "ujuzi wake umezama."
Sikujua Kifaransa cha kuzama.
Nikatuma picha.

Jibu lilikuja kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake.
Nililisikiliza mara tano,
ya sita nikamwomba kasisi Mkongo wa parokia:
"Nilikupa mlango wa nyumba yangu.
Nani alikuambia uubandike kwako
bila kupima ukuta?
Kwangu maji hupita kama mdeni.
Kwako yanakaa. Mtafute anayependa kukaa nayo."

Siku mbili Nyaguthii hakusema na mtu,
alisugua masufuria tu.
Ya tatu akashuka mtoni na panga,
akarudi magoti yote matope,
kiroba cha miche ya nduma begani.
"Mama alizipanda chemchemini," akasema,
bila kunitazama,
"nikaona ni ushamba."

Shimo la nchi kavu, tope la Waithaka,
mmea wa mamake.
Sijui hapo utasema ujuzi ni wa nani.

Desemba tuling'oa ya kwanza,
nzito kama mtoto aliyelala.
Picha ikavuka tena.
Rasmata akauliza: Hiki ni nini? Kinaliwaje?
Nyaguthii akaninyang'anya simu,
akamweleza mwenyewe, Kikuyu nusu, Kiswahili nusu,
kwa sauti ya juu, kana kwamba umbali ni uziwi:
paka majivu mikononi kwanza,
la sivyo utajikuna mpaka mwaka mpya;
chemsha, usifunue funue;
chai iwe ya maziwa.

"Na aje achukue miche."
Nikamkumbusha lile pipa la bluu.
Akafikiri, akanikatia kipande kinachofuka moshi.
"Basi aje na mikono," akasema.
"Na wewe ukasome Kifaransa."