Maneno Mia Moja ya Kibao

Meneja mpya ameniomba maneno mia moja
ya kuchongwa kwenye kibao cha langoni.
"Historia fupi," kasema, "wageni hawana muda."
Nimekubali. Nimeketi barazani na kalamu,
na ziwa lipo palepale, limevimba,
limeshameza vidato vinne vya bustani.

Naanza: Nyumba hii ilijengwa mwaka wa
elfu moja mia tisa ishirini na sita.
Mwaka wenyewe umekula maneno saba.
Mjenzi: Jethalal Virji, mwenye kinu cha pamba.
Mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Kibos,
vigae kutoka Mangalore, kwa meli, kisha kwa reli,
kila kimoja kimefungwa kwa majani makavu kama yai.

Hati inaiita Jetha Vilas.
Seme nzima ilisema Kajetha,
na waliochambua pamba, vifua vimejaa vumbi,
walikuwa na jina jingine. Hilo siliandiki.

Mkewe, Kasturben, ndiye aliyetaka bustani.
Alileta mrihani ndani ya mkebe wa samli,
miche ya waridi katika gunia bichi,
na mkomamanga mmoja uliokataa kuzaa
hadi mwaka aliokufa yeye
(ndivyo alivyosimulia nyanya, nami simwamini sana).

Na mtunza bustani?
Daftari la mishahara limemwandika:
Boi wa Maua, Na. 3, shilingi nane.
Alikuwa Omuga wuod Rapemo. Babu yangu.
Aliajiriwa mahali alipozaliwa.

Maana hapo penye waridi palikuwa boma la nyanya yake:
nyumba saba, zizi,
na upande wa ziwa, ua wa minyaa.
Waliondolewa kwa mablanketi mawili
na jembe lenye mpini mpya.

Lakini mnyaa hausomi hati.
Mvua ya kwanza tu ikigusa udongo
unachipua katikati ya waridi,
mwembamba kama kidole cha mtoto,
na ukiukata unatoa maziwa ya kupofusha.
Kazi ya Omuga, miaka thelathini na miwili,
ilikuwa hiyo: kung'oa ua wa kwao.
Alfajiri, umande ungali majanini,
memsabu amesimama dirishani, anahesabu.

Aliubakisha mmoja.
Nyuma ya nyumba ya pampu,
ambako Kasturben hakukanyaga kwa kuogopa nyoka.
Nyoka huyo alimleta Omuga mwenyewe, kwa mdomo,
akamtunza kuliko waridi:
kila mwisho wa mwezi, pamoja na hesabu ya mbolea,
alimwongeza urefu.

Kisha kinu kikafungwa.
Wana wa Jethalal wakahamia Leicester na picha za ukutani.
Mchwa wakala viunzi vya waridi, wakafuata milango.

Kisha, juzijuzi tu, maji yakapanda.
Kiboko akalala kwenye uwanja wa tenisi.
Gugumaji likaingia bila mtunza bustani
likachanua zambarau kila mahali,
zuri, naona haya kusema, kuliko chochote alichopanda Kasturben.
Mkomamanga ukazama hadi shingoni.
Tulifungasha magodoro, tukangoja usiku kucha,
na asubuhi maji yalikuwa yamesimama
penye mnyaa.
Hata shibiri moja hayakuongeza.

Nikaelewa kwa nini ua ulikuwa pale.
Aliyeupanda alikuwa ameshayaona maji haya,
akaweka alama, akarudi jikoni.

Meneja anataka ukatwe Jumatatu.
Utomvu mbaya, anasema, watoto wa wageni;
tena hapo panafaa bwawa la kuogelea,
hatua ishirini kutoka ziwani.

Nimehesabu upya. Nimefuta vigae, nimefuta Mangalore.
Nimebakiwa na nafasi ya maneno kumi na moja.
Nayaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa:

Jihadharini na nyoka nyuma ya nyumba ya pampu.
Ni mrefu mno.