Kipimo cha Naftalini

Bochum, Novemba. Nje mvua inaosha baiskeli.
Ndani nimevaa miwani ya plastiki na sweta iliyotoboka kiwiko,
nahesabu baa: sitini, sitini na tano, sabini.
Pampu inakohoa kama mzee asiyetaka kuulizwa hali.

Ndani ya kikombe cha chuma chenye dirisha la yakuti
nimeweka gramu mbili za naftalini,
ile ile ya kabatini, adui wa nondo,
iliyotokana na lami ya makaa ya mawe;
na juu yake nasukuma hewa ukaa,
mtoto mwingine wa makaa yale yale.
Ndugu wawili, mmoja mgumu, mmoja hana umbo.
Swali langu ni dogo, na mshahara wangu ni wa swali hilo:
huyu atammeza yule kiasi gani?

Kwanza kuna mstari. Chini kimiminika, juu hewa,
kila mmoja na upande wake, kama majirani waliogombania ua.
Nyuzi thelathini na moja, baa sabini na nne:
mstari unatetemeka, unakuwa moshi wa rangi ya chai,
halafu haupo, wala hukuona ulipoishia.
Kilichobaki si maji si hewa,
kizito kiasi cha kubeba, chepesi kiasi cha kupenya.
Daftarini naandika "kiowevu" na kuendelea.

Dettmar, fundi wa maabara, hunikumbusha:
usiamini kipimo cha kwanza. Amini cha tatu, nacho kwa shingo upande.
Basi naupima mrija kabla, naupima baada;
mizani ina tarakimu tano nyuma ya nukta
na inahisi hata mlango wa ukumbini ukifungwa.
Juzi vali iliziba, theluji ya naftalini kooni mwake.
Niliipuliza kwa kikaushia nywele,
yuro sita, soko la Jumamosi,
na jengo zima likanuka suti za mazishi.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi:
kwa baa tisini, ukiongeza joto, hewa inatema;
fuwele zinarudi kwenye kioo kana kwamba zimetukanwa.
Kwa baa mia mbili, joto lile lile,
inakula zaidi.
Mahali fulani katikati mistari ya grafu inakatana,
na wiki ya tatu sasa naitafuta njia panda hiyo
kwa hatua za baa tano tano.

Alhamisi baba alikuja kuniletea funguo.
Alfons Sobottka, miaka ishirini na tisa chini ya ardhi,
kifua chake bado kinapiga filimbi akipanda ngazi.
Nikamwambia: weka jicho hapa. Usiguse.
Akainama. Fuwele zilikuwa ukingoni;
zikapoteza pembe, zikawa mviringo, zikawa kivuli.
"Hewa gani hiyo?"
Nikamtajia.
Akanyamaza kidogo.
"Huko chini ilikuwa inalala sakafuni, kwenye vichochoro vya zamani.
Tulitanguliza taa. Taa ikizimika, tunarudi.
Jurek hakutanguliza."

Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani.

Nikaangalia geji: mia moja hamsini.
Molekuli kumi na tano katika kila elfu,
ndivyo jedwali litakavyosema, na halitasema mengine.
"Ukilegeza," akauliza, "hicho kitu kinarudi?"
Nikafungua vali robo mzunguko.
Ukungu, kisha theluji, laini, bila haraka,
ikitua juu ya chuma.
"Kinarudi. Ila si kwa umbo lile."

Akafunga zipu ya koti, akaaga kwa kidole kimoja.
Funguo aliziacha juu ya mizani;
kipimo cha tatu nilikirudia Ijumaa.