Kosa la Ombima

Nilimwambia meneja wa chama cha akiba
kwamba binamu yangu anaolewa Kisumu
na sisi ni watu wa sherehe ndefu.
Akanipa siku tisa.
Sikumwambia kuwa mabwana harusi ni wanne,
na mmoja wao ni mwanamke, Chelagat,
apigaye ngoma kama mtu anayedai deni.

Kiberenge, ndilo jina la bendi.
Vijana wa Bondeni, waliojifunzia roki
nyuma ya karakana ya reli,
mahali ambapo chuma kilikuwa kikipiga kelele
kabla wao hawajazaliwa.

Nakuru, usiku wa kwanza.
Mcheza kwao hutunzwa:
walitunzwa kreti ya soda na vigelegele vya shangazi zao.
Mimi kando ya spika, pamba masikioni,
miaka arobaini na mitatu
na goti lenye maoni yake.
Wimbo wa sita, Ombima akapanda na gitaa,
akapanda, akapanda,
halafu kidole cha pete kikateleza.
Noti moja ikaingia darasa lisilo lake,
ikasimama mlangoni, ikaona haya,
ikarudi.
Hakuna aliyegeuka.

Kericho. Turubai limefura maji kama tumbo la ng'ombe,
wachuma chai wamekuja na makoti ya plastiki,
wanaruka, wanachakarika.
Wimbo wa sita. Pale pale.
Kidole kile kile.
Nililala ndani ya Probox ya kaka yangu,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba,
nikiirudia ile noti
kama ulimi unavyorudia pengo la jino.

Kisumu, wadudu wa ziwa walizifuata taa
hata jukwaa likawa na manyoya.
Chelagat alitema, akapiga, akatema.
Mwanamume aliyekuwa kando yangu,
fulana ya bendi imembana kitambi,
aliniinamia na kusema,
"Na wewe wapangojea?"
"Wapi?"
"Pale."
Jina lake Obuya. Anauza magurudumu, Kibuye.
Amewafuata tangu mwaka juzi.
Kidole kilipoteleza hatukutazamana.
Tulicheka kila mtu kivyake, chini chini,
kama watu waliokutana kilioni
wakagundua wote walimpenda marehemu kwa siri.

Halafu Kakamega.
Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mlinzi,
naye alikuwa ameketi.
Wakapiga kana kwamba ni elfu.
Wimbo wa sita: Ombima akapanda, akapanda,
akapita.
Safi. Kama kisu kwenye papai.
Wenzetu tisa wakashangilia.
Mimi na Obuya tukabaki mikono mfukoni,
wapangaji waliorudi jioni
wakakuta mwenye nyumba amepaka rangi mpya
juu ya alama za urefu wa watoto.

Kulingana na Obuya, alikuwa amefanya mazoezi.
Nani alimtuma?

Bungoma, usiku wa mwisho, stima ikakatika
katikati ya wimbo wa sita,
pumzi mbili kabla ya pale.
Chelagat hakusimama. Ngoma haiombi umeme.
Na Ombima naye hakusimama:
gizani, nyuzi tupu,
sauti ndogo ya panzi ndani ya kiberiti,
ukumbi mzima ukainama kuisikiliza,
na wakati huo huo, shenzi, mvua
ikamwagika juu ya mabati.

Obuya anaapa kidole kiliteleza.
Mimi naapa sikusikia.
Tulibishana hadi stima ikarudi,
hadi walipokunja nyaya,
hadi chapati za mama wa langoni zikaisha.
Ombima alipita na gitaa mgongoni.
Tungeweza kumuuliza.
Tulimuuliza kama ana njaa.

Jumatatu meneja alitaka picha za harusi.
Ninayo moja tu, imetikisika:
viatu, nyaya, mguu wa ngoma.
"Bibi harusi yuko wapi hapa?"
Nikaweka kidole kwenye giza, upande wa kushoto.
"Hapo," nikasema. "Sogeza jicho."
Akasogeza.
Akasogeza tena.