Nyamaza Kumi na Mbili

Katika kazi nzima ya Famau Lali
iliyosalia ni karatasi yangu mimi,
mpiga chelo, wa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo.
Na karatasi yenyewe, nusu yake ni amri moja:
nyamaza nne, nyamaza sita,
nyamaza kumi na mbili.
Chelo haikuwa na neno.
Neno lilikuwa la zumari.

Asili yake ni mchezo wa kuchekesha,
uani kwa Bi Mwanashee, Langoni:
bakhili kaficha halua ndani ya kofia,
wageni wamepiga hodi, wamekaa, hawaondoki,
joto linapanda, halua inayeyuka,
inamshuka kipajini, puani, ndevuni,
naye anaitikia tu: salama, salama.
Mwigizaji akahamia Mombasa kuuza vitambaa.
Famau akasema hatumhitaji.
Akaitia hadithi yote ndani ya zumari,
na sisi, fidla tatu, udi, akodioni, chelo,
akatuandika tuwe wageni wasioondoka.

Mwaka mzima. Akikata ulimi wa mvumo,
akiutafuna, akiutupa, akikata mwingine.
Mkewe alilalamika kuwa nyumba imejaa bata.

Tuliipiga usiku mmoja tu, arusini.
Zumari likakohoa, likameza mate,
likasema salama kwa sauti ya mtu mwenye halua puani.
Bwana arusi alishika mbavu, kilemba kikamwanguka.

Kisha wageni huondoka.
Hapo sote ni nyamaza kumi na mbili,
na bakhili hubaki peke yake, anavua kofia,
anakitazama kilichosalia,
hana wa kumwambia karibu.
Zumari likalia. Likalia kweli,
kule chini ambako zumari halina mazoea ya kwenda,
na watu, mbavu zao bado zinauma,
wakazidi kucheka.
Aliyeanza ni mimi.
Hesabu ikanipotea. Chelo haikuingia.
Famau akabaki kule chini, pumzi ikimwishia,
hata akakata, akauliza kwa upole:
“Mwanitekani?”
Akalifunga zumari katika leso ya mkewe.

Haikupigwa tena. Karatasi zake, nasikia,
zilifungia njugu sokoni, senti kumi kumi.

Vijana huniuliza ilikuwaje ile ya halua.
Sina hata sauti moja ya kuwapa.
Nilicho nacho ni ukimya wake,
umeandikwa kwa wino, umehesabiwa.
Baada ya alasiri huvaa miwani,
nikagonga sakafu kwa kidole cha mguu, moja, mbili,
na zumari huja lenyewe, bila kubisha.

Leo niliapa nitaingia.
Chelo ina uzi mmoja, lakini unatosha.
Saba: kofia inavuliwa.
Nane.
Tisa: bakhili analamba kidole.
Nikacheka, Mola anisamehe,
nikachelewa tena.