Bati

Mara ya kwanza yaya Mwadi alikufa Katuba,
sebuleni kwa fundi redio, alasiri ya Jumatano.
Alilipwa nauli na chupa moja ya Fanta.
Mimi nilishika bati, bati jipya la paa,
nikaligeuza hadi jua likamwangukia shavuni.
"Usitikisike," akasema maiti, macho amefumba.

Jumapili tulimtazama kwa jirani.
Mama alilia hadi leso ikalowa,
na Mwadi yupo palepale, ubavuni kwake,
anamenya karanga.

Kisha akapewa umama wa kambo.
Miaka sita! Kila Ijumaa saa mbili usiku
anamnyima mtoto bukari, anaficha ufunguo wa kabati.
Soko la Kenya, muuza sombe akamgomea:
"Yule mtoto amekula?"
"Amekula, mama. Yuko kwao, ana baba yake."
"Basi mlete nimwone."
Akarudi na kikapu kitupu, anacheka.
Alipoingia jikoni sikukisikia tena kicheko.

Na usiku wa mwisho wa mchezo umeme ukakatika,
Katuba, Kamalondo, Ruashi, giza kama ndani ya chungu.
Kesho yake sokoni wakamzingira:
imeishaje? amekamatwa? na mtoto je?
Akatua kikapu. Akafunga upya kikwembe.
Kati ya magunia ya unga na ndoo za dagaa
akapiga magoti, akaicheza yote peke yake,
hakimu yeye, mtoto yeye, mlango yeye.
Kamera haikuwepo. Bati nililiacha nyumbani.
Muuza sombe akamfungia mafungu mawili, bure.

Wakaja wageni wa filamu, na taa zao,
na watu wao wa kuzishika.
"Uso wako unapiga kelele," wakamwambia,
yeye aliyezoea kulia hadi wa nyuma kabisa asikie!
Wakampa neno moja. Moja.
Mwanamke langoni mwa mgodi, anaulizwa kama mumewe ametoka,
naye anajibu: Bado.
Wiki tatu alilisema kwa sufuria, kwa kuku, kwa pasi ya makaa,
bado, bado,
akilishusha kama mtu anayeshusha utambi,
mpaka likabaki la kuona njia tu.
Filamu ilizunguka miji ambayo hata baridi yake hatuijui.
Kwetu ilionyeshwa mara moja, juu ya shuka, jenereta ikikohoa.
Mama akauliza: "Ndiyo hilo tu? Na nauli walikupa?"

Sasa ni bibi, kila mchezo bibi.
Jumamosi anafundisha wasichana uani namna ya kuanguka:
goti, nyonga, bega, kichwa mwisho.
"Kichwa ni cha kazi ya kesho."

Mama tulimzika Januari, udongo mwekundu umelowa.
Watu walijaa, nusu yao kumwona Mwadi akilia.
Hakulia. Nyuma yangu mtu akanong'ona: "Leo hachezi?"
Mwenye koleo akauliza kama afukie.
"Bado," akasema yaya.
Neno lile. Sauti ile ile ya utambi.
Koleo likasimama hewani.

Sijui kama alicheza. Sijamwuliza.
Najua tu mikono yangu iliinuka yenyewe, mitupu,
ikitafuta upande wa jua.